Huyo mnayemwita Shae anaitwa Sibel Kekilli

Habari mhariri na wasomaji wenzangu. Wiki hii mmeuliza ni mwigizaji gani wa nje ambae watu wanamjua nusu nusu, na ni kitu gani kingine walitakiwa wakijue. Mi sikuhangaika kufikiria, ni Sibel Kekilli. Ukitaja hilo jina wengi watakuangalia tu, ila sema Shae wa ile tamthilia ya Game of Thrones, yule mwanamke wa Tyrion, hapo kila mtu anakumbuka, "aah yule aliyenyongwa". Bas, imeishia hapo. Kacheza kuanzia 2011 mpaka 2014 na watu wamebaki na picha ya kitandani tu.

Mi naishi Ujerumani kaskazini, kazi yangu ni kuhudumia wazee, na huku Sibel ni mtu mwingine kabisa, huku ni askari. Jumapili saa mbili na robo usiku kuna tamthilia ya polisi inaitwa Tatort, ipo tangu 1970, karibu kila mji mkubwa una wapelelezi wake, na bibi mmoja ninaemhudumia hakubali kabisa kupelekwa kulala kabla haijaisha, kwa hiyo nami nakaa pale pembeni nakunja nguo huku naangalia. Kuanzia 2010 mpaka 2017 Sibel alikuwa Sarah Brandt, mpelelezi wa mji wa Kiel, pamoja na Axel Milberg aliyekuwa bosi wake Borowski. Mi nimezikuta kwenye marudio. Na huyo Sarah Brandt ana kifafa. Anaficha kazini maana wakijua tu ndo bas tena, hataendesha gari, atawekwa ofisini kupanga mafaili, na ye ndo mjanja kuliko wote pale hasa kwenye mambo ya kompyuta.

Sasa mi natokea Mahenge, Morogoro. Wanaoijua Mahenge wanajua kifafa kwetu kipo sana, watafiti wamekuja miaka na miaka. Mdogo wangu wa kike anacho tangu yuko darasa la nne na shule ikamrudisha nyumbani, mwalimu akamwambia mama povu lake litaambukiza wenzie. Sikuwahi kuona popote, si kwenye sinema si kwenye gazeti, mtu mwenye kifafa anakamata wahalifu. Kila siku ni mwenye mapepo au ni wa kuombewa. Siku ya kwanza kuona ile nilisimama na shuka mkononi, bibi akaniuliza vipi, unaumwa?

Ndo nikaanza kumtafuta huyu dada ni nani.

Kazaliwa 1980 Heilbronn, wazazi wametoka Uturuki. Ujerumani ilisaini mkataba na Uturuki 1961 wa kuleta vibarua viwandani, wakiitwa wafanyakazi wageni, yaani mgeni ambae watu walitegemea ataondoka, ila wengi hawakuondoka, wakaleta familia, watoto wakazaliwa huku na mpaka leo hata kizazi cha tatu cha familia hiyo kinaulizwa unatokea wapi haswa. Sibel hakusomea uigizaji. Alianza kama karani wa halmashauri ya mji, akahamia Essen, akafanya usafi, akahudumu baa, akasimama hata mlangoni klabu kama baunsa. 2002 mtu anaetafuta waigizaji akamkuta kwenye maduka Cologne akamwambia njoo ujaribu. Waliojaribu walikuwa kama 350, na ye akapata.

Filamu ni Gegen die Wand ya Fatih Akin, ambae nae ni mtoto wa Waturuki, wa Hamburg. Sibel ni binti anaefunga ndoa ya uongo na mlevi mmoja ili tu atoke kwao. Februari 2004 ikachukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kubwa ya tamasha la filamu la Berlin, Ujerumani ilikuwa haijachukua hiyo tuzo kwa miaka 18.

Siku chache tu baadae gazeti la Bild likaweka ukurasa wa mbele kwamba huyu binti huko nyuma aliwahi kucheza filamu za ngono. Siku chache, yaani hata furaha haijapoa. Na hawakuandika mara moja wakaacha, waliendelea na mapicha, wakawafuata mpaka wazazi, na wazazi wakakata mawasiliano na mtoto wao. Baraza la habari la Ujerumani baadae likalikemea lile gazeti, ila karipio halimrudishii mtu mama yake. Mwaka huohuo akapewa Bambi, tuzo ya vyombo vya habari ya huku Ujerumani, akapanda jukwaani akalia akawaomba waache. Nimeiangalia hiyo video mara nyingi na kila mara nafikiria magrupu yetu ya WhatsApp, video ya dada wa watu inavyozunguka nchi nzima kwa usiku mmoja na sisi tunaomba "nitumie na mimi".

Kwetu dada wa hivyo angebadilisha jina akahamia mkoa mwingine. Sibel aliendelea kwenda kazini. 2006 alicheza filamu ya Kituruki, Eve Dönüş, akapewa tuzo ya mwigizaji bora Antalya, hukohuko Uturuki. 2010 ikaja Die Fremde ya Feo Aladag, mi naona ndo kazi yake kubwa kuliko zote, ni Umay, anamkimbia mume anaempiga Istanbul na mtoto wake mdogo anarudi kwao Berlin, na kwao wanampenda kabisa ila hawamtaki maana majirani watasema nini. Hakuna mtu mbaya mle ndani, baba analia, mama analia, kaka analia, na bado wanafanya walichofanya. Mwisho sitausema. Akashinda New York kwenye tamasha la Tribeca na akachukua tuzo ya filamu ya Ujerumani mara ya pili.

Na huko nje ya filamu akaungana na shirika la Terre des Femmes linalotetea wasichana wanaolazimishwa ndoa na kupigwa au kuuliwa kwa jina la heshima ya ukoo. 2017 akapewa nishani ya taifa kwa kazi hiyo.

Kuna kitu simuungi mkono na nitakisema. Mwisho wa 2006 Berlin, kwenye mkutano wa kupinga ukatili majumbani, alisema ukatili ni sehemu ya utamaduni kwenye Uislamu, mpaka balozi mdogo wa Uturuki akainuka akatoka. Baba watoto wangu ni Muislamu na hajawahi kuninyanyulia mkono hata siku moja, na wapo Wakatoliki kwetu nimewaona kwa macho wakiburuza wake zao barabarani. Alisema pia ameyaona hayo mwenyewe, na hapo namuamini, ila kubebesha dini nzima hapana.

Mwaka jana marudio ya Sarah Brandt yakaja nikiwa nyumbani, nikampigia mdogo wangu video nikageuza simu kwenye tivii. Sasa hivi ni fundi cherehani, mkubwa tu. Kijerumani hajui hata neno. Kuna sehemu Sarah anashikwa na kifafa, nikataka kutoa simu akasema acha dada, acha. Akaangalia mpaka mwisho halafu akauliza, huyo anacho kweli? Nikamwambia hapana anaigiza tu. Akanyamaza kidogo. "Basi kuna mtu alikaa nae akamwelezea," akasema, "maana ule mkono ndo unavyoanza."