Wale wanawake watatu wako wapi?

Wete, Pemba

Mwanangu,

Assalaamu alaykum. Barua pepe yako niliisoma juzi baada ya Isha, na alfajiri nikairudia. Unasema msimamizi wako anataka utume makala kwenye jarida kabla ya mwezi kwisha. Tasnifu yako ina kurasa 118, jarida linataka maneno 7,000. Unaniuliza: "Mama, nikate wapi?"

Usikate kitu kwanza. Niliichapisha tasnifu yote pale dukani kwa stesheneri, nikaisoma na kalamu mkononi kama nilivyokuwa nikisoma kazi za wanafunzi wangu. Sura ya tatu umeandika kuwa uliwahoji wakulima wa mwani 61 kule Tumbe. Nilipofika Jedwali la 4, lile la mapato, nikajumlisha safu kwa kidole nikapata 58. Nikajumlisha tena, 58 ile ile. Chini ya jedwali hakuna maelezo, na katika mjadala hakuna. Ndipo nikakupigia simu usiku ule, ukanambia harakaharaka, "Hao watatu waliacha mwani katikati, mwani wao wa aina ya kotonii ulikufa, basi sikuwa na mapato ya kuandika."

Mwanangu, umelitaja kama jambo dogo, na mimi naona ndilo lenye uzito kuliko yote uliyoandika. Wastani wako wa mapato umetoka kwa waliobaki peke yao. Aliyeshindwa ametoka kwenye hesabu siku ile ile aliyotoka majini, na jedwali limekuwa zuri kuliko hali ya pwani. Mhakiki makini ataliona hilo mapema, na akiliona yeye kabla hujalisema wewe, atakutilia shaka hata pale uliposema kweli tupu. Lakini si mhakiki anayeniumiza moyo. Wanawake wale walikujibu maswali wakiwa wamesimama maji ya magoti, mikono ikifunga mbegu kwa taitai, vile vikamba vyembamba, na bahari inataka kujaa. Walikupa muda wa bamvua, siku za maji kupwa sana, nawe unajua bamvua haingoji mtu. Hawastahili kupotea baina ya sura ya tatu na jedwali la nne.

Tena hapo ndipo makala yako ilipo. Kwamba kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, hilo limeshaandikwa mara nyingi. Kwamba kotonii ina bei kuliko spinosamu, ile aina nyingine ya mwani, lakini haistahimili maji yakipata joto, nalo linajulikana. Mwani unavyopauka ukawa mweupe, ukalainika na kukatika kambani, msomaji aliye Ufilipino au Indonesia anaujua ugonjwa huo pengine kuliko sisi. Asilolijua ni nini kinampata mama wa Tumbe baada ya kamba kubaki tupu: anahamia spinosamu, anakwenda kuchokoa pweza, au anakaa nyumbani na deni. Andika sentensi moja tu inayosema hilo uliloligundua, uibandike ukutani juu ya meza yako. Kila aya isiyoitumikia sentensi hiyo itoe, hata kama iliandikwa vizuri, hata kama ilikuliza usiku. Mapitio yako ya maandiko yana kurasa 22. Naona aya nne zinatosha. Ile sehemu ndefu ya nadharia msimamizi wako ataionea huruma, lakini itoke.

Kuandika, anza na majedwali, kisha mbinu na matokeo, halafu mjadala. Utangulizi uje baadaye na ikisiri iwe ya mwisho. Ikisiri iliyomo kwenye tasnifu inasema ulichunguza nini na haisemi ulikuta nini. Irekebishe.

Kuhusu jarida, Western Indian Ocean Journal of Marine Science ulilolitaja ni chaguo zuri. Linatolewa na WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, tangu 2002, makao yao yapo hapo hapo Unguja, na wanaolisoma wanaijua pwani hii. Ila soma maelekezo yao kwa waandishi neno kwa neno kabla hujagusa mswada. Makala yangu ya kwanza ilirudishwa bila kusomwa kwa kuwa marejeleo yalifuata mtindo mwingine na picha zilikuwa hafifu. Nilijifungia chumbani siku nzima. Wala usitume majarida mawili kwa pamoja ukingoja litakalojibu mwanzo. Hilo ni kosa la maadili. Na ile barua uliyoletewa na jarida usilolijua, linalokuahidi kuchapisha kwa siku tatu ukilipa, ifute. Jarida la kweli la wazi, linalosomwa bila malipo, aghalabu utalikuta katika DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida ya namna hiyo, na hata likiwemo, fungua makala zake mbili tatu uzisome mwenyewe.

Chini kabisa, karibu na salamu, umeuliza kama umwandike mkubwa wa ofisi aliyekupa gari kuwa mwandishi mwenzako. Hapana. Wahariri wa majarida ya tiba wameliwekea jambo hili masharti ambayo fani nyingine nazo zimeyafuata: mwandishi awe amechangia kazi yenyewe, ameshiriki kuiandika au kuisahihisha, ameikubali nakala ya mwisho, na yuko tayari kuijibia. Gari halimo. Mshukuru kwenye shukrani, pamoja na yule kijana aliyekuzungusha nyumba kwa nyumba kuandika orodha ya wakulima, akiridhia jina lake litajwe. Mimi niliwahi kumwandika mtu mbele yangu kwa woga. Kila nikiiona makala ile naliona jina lake kabla ya langu, na hakuandika hata mstari mmoja.

Sasa hilo la watatu. Majina yao usinitajie, uliwaahidi siri. Ile bahasha ya fomu za ridhaa uliyoiacha iko kabatini, sijaifungua. Muulize msimamizi kama kibali chako cha utafiti bado kina muda na kama kinakuruhusu kuwarudia. Kikiruhusu, njoo mwenyewe, uwaombe ridhaa upya, kisha uwasikilize. Wakikataa kusema, andika kwamba walikuwa 61, watatu waliacha kilimo, na mapato uliyonayo ni ya 58 waliobaki. Hata hiyo inatosha.

Mwambie msimamizi mwezi huu hautoshi. Bamvua inaanza wiki ijayo. Panda boti ya Ijumaa, chumba chako nimeshafagia.

Mama yako