Maswali ya Wasomaji: Vyombo vya Mishumaa na Chupa za Jemu

SWALI: Baada ya harusi ya mdogo wangu nimebaki na vyombo vingi vya kioo vilivyokuwa na mishumaa, na chini ya kila kimoja imeganda nta. Ningependa kuvisafisha nihifadhie sukari na viungo. Ninazo pia chupa nyingi za jemu, na nimefikiria kuimimina nta hiyo humo ili nitengeneze mishumaa ya kuuza. Nianzie wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, tunafurahi kwamba hukuvitupa, lakini tunakusihi uugeuze mpango wako. Vyombo vya mishumaa unavitaka kwa chakula na chupa za chakula unazitaka kwa moto, ilhali kila kimoja kingefaa kibaki upande wake.

Anza na nta. Nta ya parafini huyeyuka kati ya nyuzi 46 na 68 za Selsiasi kutegemea aina yake, kwa hiyo maji hayahitaji kuchemka. Tandika kitambaa ndani ya sufuria, panga vyombo juu yake, tia maji ya uvuguvugu, kisha uyapashe polepole mpaka nta ilegee na kutoka. Mwenye friza anaweza kuviacha humo kwa saa chache, kwa kuwa nta ikipoa husinyaa kuliko kioo na mara nyingi hujibandua yenyewe. Usichanganye njia hizi mbili, wala usimimine maji yanayochemka ndani ya chombo baridi: upande wa ndani hutanuka kabla ya upande wa nje, na mvutano huo ndio unaopasua kioo. Nta usiimwage kwenye sinki hata kidogo, maana itaganda ndani ya bomba. Mabaki yapanguse kwa karatasi kabla ya kuosha kwa sabuni.

Hata kikitakata kiasi gani, chombo cha mshumaa hakikutengenezwa kwa ajili ya chakula. Nta ilikuwa na manukato na pengine rangi, na baadhi ya vyombo hivyo vimepakwa rangi au nakshi ya dhahabu ukingoni. Vitumie kwa vifungo, pamba, brashi za vipodozi au, kwa kuwa uko pwani, vipande vya udi na ubani. Sukari na viungo vihifadhi katika chupa za jemu.

Kuhusu mishumaa ya kuuza, hapa tunasisitiza zaidi. Chupa ya jemu hutengenezwa ili ijazwe jemu na kufungwa. Haikukusudiwa kuvumilia mwali unaowaka kwa saa nyingi karibu na ukuta wake. Nta inapokaribia kwisha, utambi huwa umefika chini na joto hukusanyika kwenye kitako, ndiyo maana watengenezaji hushauri mshumaa wa chomboni uzimwe nta ikibaki kama sentimita 1. Ukimuuzia mtu mshumaa, huna namna ya kujua atauwasha karibu na pazia gani wala atalala saa ngapi. Ni salama zaidi uyeyushe nta katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya moto moja kwa moja kwa kuwa nta inaweza kushika moto, kisha uimimine na utambi mpya katika vyombo vile vile vya mishumaa, ukiviacha vyote vyenye ufa au ukingo uliomeguka.

SWALI: Gundi ya lebo hainitoki kwenye chupa, na vifuniko vinanuka achari. Nataka kuzipanga barazani nikiotesha mimea ndani ya maji.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Gundi hiyo haiyeyuki katika maji, hivyo maji peke yake hayaiwezi. Changanya mafuta ya kupikia na bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia maandazi, paka, acha nusu saa, kisha usugue na kuosha. Harufu hukaa katika utando laini wa ndani ya kifuniko. Loweka kwa siki, kisha uanike. Isipotoka, tumia chupa hizo bila vifuniko.

La mimea lina uzito zaidi. Mbu wa Aedes, anayeeneza dengi, hupenda kutaga katika maji yaliyotuama ndani ya vyombo vidogo karibu na watu, na katika joto la pwani yai linaweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Badilisha maji kila baada ya siku tatu au nne, na kila mara usugue kuta za ndani, kwa sababu mayai hunata hapo na huweza kustahimili ukavu. Mmea ukishatoa mizizi ya kutosha, uhamishie kwenye udongo.

SWALI: Rangi niliyopaka kwenye chupa imebanduka yote. Kwa nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kioo ni laini mno na huenda kilibaki na mafuta ya vidole. Pangusa kwa spiriti, usikishike tena kwa mkono mtupu, paka praima ya kioo, yaani rangi ya msingi inayoshika kioo, kisha rangi nyembamba mara mbili, ukiiacha ikauke kabisa kila mara. Asiyetaka kazi hiyo azungushie kamba ya katani au kipande cha kitenge kwa gundi nyeupe ya mbao. Chupa zilizopambwa hivyo zipangusiwe kwa kitambaa chenye unyevu tu, kwa sababu gundi hiyo hulegea ikilowekwa.