Nikagueni, lakini mfike mpaka dawati la nyuma

Juzi baada ya sala ya alasiri, kijana niliyemsomesha, sasa naye mwalimu, alinijia barazani hapa Wete, Pemba, na bahasha ya kaki. Ndani mna fomu ya kupima utendaji wake wa kazi. "Maalim, hii naijaza vipi?" Nilicheka. Fomu za namna ile nimezijaza miaka na miaka, na sikumbuki hata mara moja kujinyima alama.

Mimi si katika wale wanaosema mwalimu asiulizwe. Aulizwe, tena sana. Tangu elimu ilipotangazwa kuwa bila malipo Zanzibar, tarehe 23 Septemba 1964, mzazi hana risiti ya ada ya kumwonesha mwalimu na kudai haki yake. Anamtoa mtoto asubuhi, anatuamini, basi. Kinachonikera ni pale tunapoulizwa mahali pasipo na jibu.

Nikupeni kisa changu. Sera ya elimu ya 2006 ilipunguza miaka ya msingi kutoka saba hadi sita, na ikataka hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Zamu ya darasa langu ilipofika, mimi niliyekulia kwenye "kiasi" na "asili", yaani namba ya juu na ya chini ya sehemu, nikaanza kusomesha sehemu kwa Kiingereza cha kuunga unga. Watoto wakiitika kwa sauti moja, "Yes ticha!" Raha tupu.

Akaja mkaguzi. Azimio la kazi lipo, andalio la somo limepigwa mistari kwa wino mwekundu, daftari la mahudhurio halina pengo. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango dakika ishirini hivi, akasaini kitabu cha wageni, akaniachia sifa.

Wiki ile ile nikatafuta kitu katika daftari la mtoto mmoja wa nyuma, mkimya, ambaye hata jina lake nilikuwa nikilibabaisha. Kajumlisha nusu na theluthi, kapata sehemu mbili za tano. Kachukua vya juu kajumlisha, vya chini kajumlisha. Na pembeni yake pana tiki. Saini yangu ipo na tarehe ipo. Nikafungua la jirani yake, hivyo hivyo. Nilikuwa na watoto 64 darasani, na kumbe nilikuwa nikisahihisha kwa usingizi.

Hakuna mkaguzi aliyeninasa, wala fomu. Ningestaafu na kosa hilo.

Kwa hiyo nyinyi vijana mnaoanza kazi, nawausia hili: kila Alkhamisi chukua madaftari matano, uanzie dawati la nyuma, usome kana kwamba ni ya mwalimu mwengine. Halafu muombe mwenzako akae darasani kwako. Mimi alikuja mwalimu mmoja bibi, anayesomesha darasa la pili, na tulipotoka akanambia, "Maalim, wewe unazungumza na ubao." Iliniuma siku mbili. Baada ya hapo nikawa naeleza kwanza kwa Kiswahili, nakata chungwa mbele yao, ndipo naleta Kiingereza. Agizo nililipindisha kidogo, na sijuti. Mambo kama haya ndiyo ya kupeleka kwenye vituo vya walimu, badala ya kwenda kunywa chai na kusaini posho.

Wakubwa nao wana lao. Msitupime kwa matokeo ya mtihani peke yake. Zanzibar kuna mtihani wa kidato cha pili, na enzi zetu aliyeanguka hakuendelea. Basi skuli iliyosifiwa kwa kidato cha nne ilisifiwa kwa waliosalimika kwenye chekecheo; waliodondoka hawakuhesabiwa popote. Na sisi wa Pemba, karafuu zikiiva, nusu ya darasa iko juu ya mikarafuu au inachambua uwanjani kwa bibi. Mwalimu wa mjini Unguja hayajui hayo. Tukilinganishwa kwa jedwali moja, jedwali litasema uongo na namba zake ni sahihi.

Skuli za ghorofa zinazojengwa nazishukuru, mimi niliyesomesha mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, kwa chaki moja. Lakini sehemu mbili za tano hupanda ghorofani vile vile.

Wazazi, mtoto akirudi msimuulize kawa wa ngapi. Fungueni daftari. Hata asiyejua kusoma ataona kurasa tupu.

Yule kijana nilimwambia aandike kwenye fomu majina ya watoto watatu wasiomuelewa na alichokifanya juu yao. Akaitazama mbele, akaitazama tena. "Maalim, hapa hapana nafasi ya kuandika hayo."

"Igeuze," nikamwambia. "Nyuma tupu."