Kabla Hujalipia Programu ya Matumizi, Mpe Dereva Aijaribu

Wauza programu za kurekodi matumizi ya kampuni karibu wote huja kwa mtindo mmoja. Wanafika na kompyuta mpakato, wanamwonyesha mkurugenzi grafu za rangi, mkurugenzi anafurahi, mkataba unasainiwa. Dereva hakuulizwa, wala mtunza stoo. Nimefanya uhasibu kwenye kampuni za usambazaji hapa Dar es Salaam, na nimeona programu nzuri kabisa zikiachwa baada ya muda mfupi kwa sababu hiyo tu. Anayeilisha programu taarifa ni yule aliye njiani Makambako na simu yenye kioo kilichopasuka. Asipoiweza, mhasibu atarudi kwenye bahasha za risiti kama zamani, na ada ya kila mwezi inaendelea kukatwa.

Niseme pia kwamba kama bado mko watu wanane au kumi, msinunue kitu. Lahajedwali moja na kundi la WhatsApp la kutupia picha za risiti vinawatosha. Hali hubadilika pale masurufu, yaani pesa anazopewa mfanyakazi kutumia kazini, yanapotoka leo na marejesho yake, yaani risiti na chenji, yakachelewa mpaka mtu ameshachukua mengine mara mbili, na hakuna anayejua nani anadaiwa kiasi gani.

Mkishafika hapo, anzeni na risiti. Chukua mfano wa tairi zilizonunuliwa Gerezani kwa shilingi 1,180,000. Humo ndani mna VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 180,000, ambayo kampuni iliyosajiliwa kwa VAT inaweza kuidai, ili mradi iwe na risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, yenye TIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni. Dereva akisahau kuitaja TIN dukani, au risiti ikipotea, hiyo laki na themanini imekwenda. Kwa hiyo programu inayopiga picha tu haitoshi. Inatakiwa iwe na sehemu ya kujaza TIN ya muuzaji na namba ya uhakiki ya risiti, ili mhasibu aihakiki kwenye mfumo wa TRA kabla ya tarehe 20, mwisho wa kupeleka ritani ya VAT ya mwezi.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Dizeli na petroli hazina VAT kwetu. Programu iliyowekwa ichomoe asilimia 18 kwenye kila risiti itawatengenezea dai la kodi ambalo halipo, na kwenye kampuni ya malori, mafuta ndiyo matumizi makubwa kuliko yote. Mwambie muuzaji aingize risiti ya kituo cha mafuta mbele yako, uone inafanya nini.

Halafu kuna karatasi zenyewe. Risiti ya EFD huchapwa kwa joto, na joto na jua huiharibu. Iache juu ya dashibodi ya Fuso kutoka Mbeya mpaka Dar, uone kama maandishi yatasomeka. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Picha ipigwe pale pale dukani, hata kama mtandao haushiki. Programu iihifadhi kwenye simu na kuituma baadaye yenyewe. Sharti hili silipunguzi. Programu isiyofanya kazi bila bando siijadili hata iwe ya bure.

Vipi kuhusu fundi aliyeziba pancha kando ya barabara, asiye na mashine ya EFD wala daftari? Matumizi hayo ni ya kweli na hayaepukiki. Nataka programu iwe na vocha ya ndani: jina la fundi, namba yake ya simu, kiasi, sababu, na nani kaidhinisha. Ikikosa nafasi hiyo, watu watatafuta risiti za uongo ili wafunge masurufu, na hapo mmefungua mlango ambao kuufunga ni kazi.

Malipo ya simu nayo yaangalieni kwa makini. Programu nyingi za nje zimejengwa kwa nchi ambazo mfanyakazi hutembea na kadi ya kampuni. Huku hela inatumwa kwa M-Pesa au Airtel Money, mtu anatoa kwa wakala au analipa kwa lipa namba. Uliza kama programu inapokea taarifa ya miamala ya mitandao hiyo, na makato ya kutuma na kutoa yanaingia akaunti gani. Yakikosa pa kukaa, kila marejesho yatapungua shilingi elfu moja na kitu, na mhasibu atapoteza siku nzima akitafuta pesa ambayo wala haijaibwa.

Uidhinishaji hauna maneno mengi: anayeomba asijiidhinishie, na bosi akisafiri awepo wa kukaimu ndani ya mfumo, siyo kumpa mtu nywila yake.

Kwenye bei, hesabu watu mtakaokuwa nao mwaka kesho. Programu nyingi hutoza kwa kila mtumiaji kwa mwezi, tena kwa dola, kwa hiyo mkiajiri na shilingi ikashuka mnaumia mara mbili. Muuzaji aliyepo hapa nchini akikuletea bei ya dola, mkumbushe kanuni za 2025 zinazotaka bei za ndani ziwe kwa shilingi.

Muda wa majaribio usiutumie kwa data za mfano walizowawekea. Chukueni bahasha ya mwezi uliopita, pamoja na risiti zilizofifia na vocha za mkono, mpeni dereva mmoja na mtunza stoo waziingize wenyewe bila kusimamiwa. Kisha mwombe muuzaji azitoe zote nje ya mfumo, kila picha ikiwa na mstari wake kwenye Excel, kama vile mkataba umeisha leo. Akiweza, ndipo mkae mzungumze bei.