Unataka kuweka mota ya kuinulia bledi kwenye trekta ya zamani? Fikiria kwanza itashukaje

Sisi tulioko Erie, Pennsylvania, theluji ya ziwani, ile inayoletwa na upepo unaopita juu ya ziwa, tunaijua vizuri, Krismasi ya 2017 ilishuka inchi 34 siku moja tu, milango ya nje ilikuwa haifunguki. Sasa ukiwa na njia ya gari ndefu koleo haitoshi, na kununua trekta mpya ni pesa ndefu, ndio maana wengi wetu tunaishia kwenye hizi trekta ndogo za bustani za zamani. Mimi ninayo Wheel Horse C-120 ya miaka ya 70, injini Kohler K301 ya silinda moja, nguvu za farasi 12, bloku ni chuma tupu. Zilikuwa zinatengenezwa South Bend, Indiana, na kampuni iliyoanzishwa na akina Pond, kabla kampuni ya Toro haijainunua 1986, na naipenda hii mashine kutoka moyoni, spea bado zinapatikana na kila boliti unaifikia kwa spana ya kawaida.

Kinachochosha ni kuinua. Bledi, yaani lile bamba la chuma la mbele la kusukumia theluji, inapandishwa kwa hendeli ya mkono, na ukisukuma theluji unainua na kushusha kila unaporudi nyuma, asubuhi nzima, bega linakufa. Mke wangu naye anapenda kuiendesha ila ile hendeli inamshinda kabisa. Zile Wheel Horse za otomatiki walikuwa wanaziwekea haidroliki, yaani kuinua kwa mafuta yanayosukumwa na pampu, tokea kiwandani, na John Deere 140 ilitoka 1968 ikiwa nayo, ila hii ya gia za kawaida haina pampu, kuifungia pampu na mapaipu ni kazi kubwa bure. Dawa rahisi ni akchueta ya umeme ya volti 12, yaani mota yenye fimbo inayotoka na kurudi, ni jamii moja na ile iliyokuwa inazungusha madishi makubwa ya setilaiti nyumbani zamani.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize. Kila mtu akiniuliza anaanza na "ninunue ya kuinua uzito wa paundi ngapi", wakati nguvu ndio kitu rahisi kuliko vyote, chukua mizani ya kuning'iniza, ifunge kwenye mkono wa shafti ya kuinulia (ile fimbo inayozunguka na kupandisha bledi) pale pale utakapofunga akchueta, vuta mpaka bledi iache ardhi, soma namba, alafu nunua yenye uwezo mara mbili yake basi. Ila kumbuka ukiisogeza karibu na shafti namba inapanda, bledi ya paundi 100 iliyoshikwa inchi 10 kutoka kwenye shafti, ukiivuta ukiwa inchi 5 unahitaji paundi 200, japo fimbo nayo itatembea nusu ya safari.

Cha kufikiria kwanza ni kushuka. Bledi ikiwa chini lazima iwe huru, ipande yenyewe ikikutana na kona ya zege au kisiki cha barafu na ishuke yenyewe kwenye bonde. Hendeli ya mkono ukiiachia inafanya hivyo bila wewe kujua, ndio maana watu wanasahau. Akchueta haifanyi hivyo, ndani yake kuna skrubu, ikisimama imesimama, hata ukiikalia hairudi. Ukiifunga moja kwa moja kwa pini pande zote mbili inakandamiza bledi chini kwa nguvu zake zote, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, unakata usukani trekta inaenda moja kwa moja, na kama njia yako ni ya kokoto utazisukuma zote mpaka kwenye majani.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni cheni fupi kati ya fimbo na mkono wa kuinulia, mota inavuta juu, kushuka bledi inashuka kwa uzito wake, unaachia cheni ilegee kidogo na umemaliza. Ni rahisi na kwa theluji ya kawaida inatosha. Ya pili, ambayo ndiyo niliyofunga mimi, ni vipande viwili vya flatibaa, yaani chuma bapa, vilivyotobolewa mwanya mrefu wa inchi 2, pini inacheza ndani ya mwanya. Ukishusha mpaka katikati ya mwanya bledi iko huru juu na chini, ukiendelea kusukuma pini inafika mwisho na inaanza kukandamiza, hiyo inasaidia pale theluji iliyokanyagwa na magari imegeuka ubao. Naipenda zaidi kwa sababu chaguo linabaki kwako.

Ila huo mwanya unakula safari ya fimbo! Weka alama mkono ukiwa chini kabisa, weka ukiwa juu kabisa, pima katikati ya matundu ya pini, tuseme umepata inchi 4, ongeza 2 za mwanya, basi tafuta akchueta ya inchi 6. Usichukue ndefu zaidi ukidhani ni faida, kwa sababu swichi za ndani zinakata umeme fimbo ikifika mwisho wake yenyewe, sasa mkono ukigonga fremu kabla ya hapo mota inaendelea kusukuma, na kitakachopinda ni chuma cha miaka 50 ambacho dukani hakipo.

Alafu hendeli. Juu yake kuna kitufe kinachoachia komeo kwenye meno, hilo komeo lazima ulizuie lisiingie, la sivyo mota inapigana nalo. Lakini hendeli yenyewe usiitoe! Betri ikifa kwenye baridi unachomoa pini moja ya akchueta na unaendelea kwa mkono. Brakti nazo fungia kwenye matundu yaliyopo, fremu usiitoboe wala kuichomelea, kesho mtu anaweza kutaka kuirudisha ilivyokuwa.

Umeme sio mgumu. Swichi ya miguu sita inayorudi katikati yenyewe ukiiachia, unavusha waya mbili kwa msalaba ili umeme ugeuke, upande mmoja juu upande mwingine chini. Waya nene, namba 10 au 12, fyuzi karibu na betri kabisa kwa ukubwa uliosemwa kwenye akchueta yako, na weka rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayowashwa na ufunguo ili mtoto akipanda akabonyeza trekta ikiwa imezimwa kisitokee kitu. Chaji ya trekta nyingi za umri huu haivuki ampea 15, kwa hiyo bonyeza achia, usiishikilie, na mota zenyewe hazipendi kufanya kazi mfululizo.

Akchueta ifunge fimbo ikiangalia chini maji yasikae kwenye sili, na macho ya pini pande zote mbili yawe yamenyooka, ikipindishwa kwa ubavu skrubu inaisha haraka. Chumvi ya barabarani inakula kila kitu, isuguesugue fimbo na kitambaa ukimaliza kazi.

Na tafadhali sana, ukiingia chini ya bledi au deki ya kukatia majani iliyoinuliwa weka gogo kwanza na utoe waya hasi wa betri, hata kama unachomoa jani tu. Kwa deki huo mpango wa mwanya unafaa vile vile, ila pima upya kwa mizani kwa sababu uzito wake na safari yake sio sawa na bledi, na wenye trekta za Cub Cadet msichukue vipimo vyangu, mikono yenu ya kuinulia imekaa tofauti.