Ncha ya shafti ya giaboksi isiachwe ikielea

Wanaotaka kubadilisha injini kwenye magari ya porini huniuliza kuhusu redieta, maunti na nguvu za farasi. Hakuna anayeniuliza ncha ya shafti ya giaboksi, ule mhimili unaopokea mzunguko wa injini kupitia klachi, itaegemea wapi. Mimi pia sikuuliza, siku nilipotoa injini ya petroli kwenye Land Rover 109 yangu na kuweka Isuzu 4JB1, dizeli ya lita 2.8, huku giaboksi ikibaki ileile.

Fundi aliziunganisha kwa bamba la chuma lenye unene wa milimita 25. Bamba hilo liliisogeza giaboksi nyuma, na ncha ya shafti haikufika tena kwenye kranki, yaani mhimili mkuu wa injini. "Itajishika yenyewe, nyuma ina beringi kubwa," aliniambia. Gari likatembea. Tulikwenda nalo Longido tukarudi salama. Safari ya Ziwa Natron, tukiwa kwenye mchanga karibu na Engaresero, gia zikaanza kukwaruza hata nikikanyaga klachi hadi mwisho. Tulipoifungua, beringi ya mbele ya giaboksi ilikuwa imelegea, sili inavuja, na diski ya klachi imelowa oili.

Sababu ni hii. Shafti ile hushikwa sehemu mbili: nyuma na beringi ya giaboksi, mbele na bushi (kipete cha chuma ambacho ncha huzungukia ndani yake) au beringi ndogo iliyo katikati ya mwisho wa kranki. Ukiondoa ya mbele, ncha inayumba, diski haikai katikati, na beringi moja inabeba kazi ya mbili. Bushi ile ndogo hudharauliwa kwa sababu klachi ikishika, shafti na kranki huzunguka pamoja na bushi haisuguliwi. Kazi yake huonekana unapokanyaga pedeli. Kwa hiyo sikiliza: ukikanyaga klachi gia ikiwa imeingia, gari limesimama, na kelele ikatokea, shuku bushi hiyo au beringi ya klachi. Kelele ikiwepo gia ikiwa huru (nyutro) bila kukanyaga, kisha ikapotea ukikanyaga, shuku beringi ya shafti.

Kabla ya kuagiza chochote, pima. Bandika udongo laini wa kuchezea watoto ndani ya shimo la kranki, funga giaboksi bila klachi, kisha ifungue uone ncha imeingia kiasi gani. Yangu haikuacha hata alama.

Tuliponea kwa fundi wa kukereza vyuma. Alitengeneza kikombe cha chuma kinachoingia kwa kubana kwenye shimo la kranki na kutokeza nyuma, ndani yake akapiga bushi ya shaba nyeusi. Nilimwomba jambo moja, nawe usilisahau: achonge nje na ndani ya kikombe bila kukifungua kwenye mashine, ili vyote viwe na kitovu kimoja. Bushi ikibanwa, tundu lake hupungua kidogo, kwa hiyo kipimo cha mwisho kichukuliwe baada ya kuipiga. Ncha pia isigote mwisho. Mimi niliacha milimita 3.

Kama bushi ni ya shaba ya unga inayonyonya mafuta, iloweke usiku kucha kwenye oili ya injini. Usiijaze grisi, maana itaziba vitundu vyake. Na ukitaka kutoa bushi ya zamani, jaza grisi kwenye shimo, ingiza chuma cha duara kinachobana, ukigonge kwa nyundo. Grisi yenyewe itaisukuma nje.

Hata bushi nzuri haitaokoa bamba lililofungwa nje ya kitovu. Weka saa ya kupimia (ile inayoonyesha sehemu ndogo za milimita) juu ya flaiwili, gurudumu zito lililofungwa nyuma ya kranki, mguu wake uguse ukingo wa tundu la kati la nyumba ya klachi, kisha zungusha kranki kwa mkono. Saa ikitembea 0.2 mm, vitovu vimeachana 0.1 mm, na hapo mimi ndipo ninapoishia. Ukishapata kitovu, toboa na uweke pini za kuongoza, kwa sababu boliti peke yake haziwezi kushika kitovu.

Siku ya kufunga, giaboksi ibebwe na jeki muda wote. Isining'inie kwenye shafti hata dakika moja. Ikisimama na mwanya wa kidole, usiivute kwa boliti. Irudishe nyuma, utazame diski imekaa wapi, ndipo uisukume tena kwa mikono.