Mama mkwe kapata 20 kati ya 30: maswali yenu kuhusu kupima akili

Barua za mara hii nyingi zimetoka Marekani, kwa wasomaji wanaohudumia wazee wanaozungumza Kihispania kazini, au waliooa na kuolewa kwao. Nimechagua chache.

*Shikamoo dokta. Nimeolewa na Mmexico hapa Houston. Mama mkwe ana miaka 71, alisoma hadi darasa la tatu kijijini Michoacán. Kliniki walimpa maswali kwa Kihispania: tarehe ya leo, kutoa saba saba kuanzia mia, kuchora pembetano mbili zilizopandana. Kapata 20 kati ya 30, tukaambiwa dimenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, inaanza. Lakini huyu ndiye kijumbe wa upatu wa mtaa mzima, na anajua nani hajatoa hela tangu mwezi juzi.*

Marahaba mwanangu. Maelezo yako yanaelekea kwenye MMSE, kipimo kifupi cha kumbukumbu na akili chenye alama 30, kilichotolewa Marekani mwaka 1975. Mwaka 1993 zilichapishwa alama za kipimo hicho kutoka kwa watu wazima zaidi ya 18,000 wa Marekani, watu wa majumbani tu, hawakuokotwa wodini. Waliosoma miaka tisa au zaidi, alama yao ya katikati ilikuwa 29. Waliosoma miaka mitano hadi minane, 26. Wenye miaka minne kushuka chini, 22. Kliniki nyingi hata hivyo huweka mstari kwenye 24 kwa kila anayeingia, awe profesa au mkulima, na aliye chini yake hushukiwa ugonjwa.

Kwa hiyo 20 ya mama mkwe iwekwe kando ya 22, si kando ya 29. Sisemi hana kitu. Nasema alama hiyo peke yake haitoshi kumpa mtu ugonjwa. Muulizeni daktari swali moja: alama zake zimelinganishwa na za nani? Kisha mwelezeni habari za upatu, maana hapo ndipo penye ushahidi. Je, daftari lake ni safi kama la miaka miwili iliyopita? Ameanza kumdai aliyekwishalipa? Anaunguza sufuria kuliko zamani? Dimenshia hujulikana kwa mtu kushuka kutoka pale alipokuwa yeye mwenyewe. Ombeni pia apimwe masikio, tezi ya shingo na vitamini B12, na kipimo kirudiwe baada ya miezi kadhaa, na mpimaji yule yule ikiwezekana.

*Mkalimani hakutokea, nesi akasema mjukuu wa miaka 13 atafsiri. Ni sawa?*

Hapana. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu ya Marekani inawajibika kuleta mkalimani mwenye ujuzi, bila malipo, na mtoto hatumiki ila kwa dharura. Halafu mjukuu gani atakubali bibi yake aaibike? Bibi anaulizwa leo siku gani, mtoto anatafsiri, “Bibi, leo siku gani, si jana tulienda kanisani?” Alama imeshapatikana hiyo.

*Kama maswali yameshatafsiriwa vizuri, malalamiko kwamba vipimo vinawaonea yanatoka wapi tena?*

Yanatoka kwenye vitu ambavyo tafsiri haivigusi. Chukua kipimo cha kurudia tarakimu. Kwa Kiingereza, kuanzia moja hadi tisa, ni saba tu yenye silabi mbili. Kwa Kihispania ni sita kati ya tisa. (Sisi Waswahili ndio tumezidi: moja, mbili, tatu, zote tisa ni mbili mbili.) Maneno yakirefuka, kichwa hubeba machache kwa mara moja, na mtu akilinganishwa na mzungumzaji wa Kiingereza ataonekana mzito bure. Utafiti wa mwaka 1998 uliwataka wazee wa jamii mbalimbali Marekani wataje wanyama kwa dakika moja. Wavietnamu walitaja wengi kuliko wote, wazungumzaji wa Kihispania wachache kuliko wote, na majina ya wanyama kwa Kivietnamu ni mafupi mafupi.

Dawa yake ni vipimo vilivyotungwa na kupimwa kwa watu wenyewe. Neuropsi, mkusanyiko wa vipimo vya akili wa Mexico, ina viwango (yaani alama za kawaida za kulinganishia) hadi vya mtu ambaye hakusoma kabisa. Mwaka 2021 vilitoka viwango vya wazungumzaji wa Kihispania wa mpakani mwa Marekani na Mexico, Arizona na California, kutokana na watu wazima 254. Si wengi, lakini ni wao.

*Viwango vya watu wa asili fulani si ubaguzi ule ule kwa mlango wa nyuma?*

Vinaweza kuwa. NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, katika fidia za wachezaji walioumia ubongo, iliruhusu hesabu zilizochukulia kwamba mchezaji mweusi alianzia chini, hivyo ikawa vigumu kwake kuthibitisha ameshuka. Mwaka 2021 ilikubali kuachana nazo. Na kosa linaweza kwenda upande wa pili: kipimo cha akili cha Wechsler kwa Kihispania, cha Puerto Rico, cha mwaka 1968 kilikuja kushutumiwa kwa kupandisha alama mno, hata mwenye tatizo la kweli akaonekana mzima. Mimi ningeuliza miaka ya shule, ilikuwa shule ya wapi, na anaota kwa lugha gani. Rangi haijibu lolote kati ya hayo.

*Mzee wetu wa Guatemala faili limeandikwa “Kihispania”, lakini anajibu neno moja moja tu.*

Huenda lugha yake ni Mam au K'iche', lugha za Wamaya wa huko, na Kihispania alikiokota sokoni. Msomaji wa Bukavu ananielewa: faili lasema Kiswahili, mama yake alimlea kwa Mashi. Muulizeni alizungumza lugha gani na mama yake, mtafute mkalimani wake, hata kwa simu. Asipopatikana, andikeni kwamba kipimo hakikufanyika, na msiandike alama.